Kuishi na mashine ya kusafisha damu: mwongozo kamili wa siku zisizo za mashine

Wiki ina saa 168. Anayepanda mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila zamu, anasafishwa damu kwa saa 12. Saa 156 zilizobaki anazimaliza nyumbani, kazini, msikitini, kanisani au kwenye daladala, na katika saa hizo zote figo zake hazimsaidii au zinamsaidia kidogo sana. Wengi wetu Afrika Mashariki hupata zamu mbili tu kwa wiki, ama kwa sababu ya bima, ama nauli, ama uchache wa mashine. Kwao kazi ya nyumbani ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo hapa nitasema machache kuhusu mashine na mengi kuhusu jiko, kikombe, mkono wa fistula (mishipa iliyounganishwa ili mashine ipate damu) na wageni wanaokuja na mfuko wa machungwa. Ninauguza ndugu aliye kwenye mashine, na ninaona kosa moja likijirudia katika familia nyingi: mgonjwa anakatazwa maji kwa ukali, huku mchuzi wake umejaa chumvi. Hapo ametegwa, hawezi kushinda. Ukichukua jambo moja tu humu, chukua hatua ya pili.

Namba nitakazotaja ni za mtu mzima wa kawaida kwenye mashine. Daktari wako wa figo akikupa namba nyingine, shika zake, maana yeye anaona vipimo vyako.

Kwanza, mashine inafanya nini na nini haifanyi

Damu hutoka mwilini kwa kasi ya mililita 300 hivi kwa dakika na kupita kwenye chujio lenye maelfu ya nyuzi nyembamba. Upande wa pili wa nyuzi hizo hupita maji maalumu, mara nyingi mililita 500 kwa dakika, yaani lita 120 kwa zamu moja ya saa nne. Urea, potasiamu na taka nyingine huvukia upande huo, na maji yaliyozidi mwilini hukamuliwa.

Mashine haitengenezi homoni inayouambia uboho uzalishe damu, ndiyo maana mgonjwa hudungwa sindano za erithropoietini na kupewa madini ya chuma. Haiamshi vitamini D. Na fosforasi inaitoa kwa shida. Mambo hayo matatu hutibiwa kwa dawa na chakula, hata kama mtu hakosi zamu.

Hatua ya 1: Nunua mizani, fungua daftari

Mizani ya kukanyaga, ya kawaida kabisa, ina faida kuliko kifaa kingine chochote cha nyumbani ukiacha kipimo cha presha. Jipime kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo za aina moja. Andika.

Hospitalini watakutajia uzito mkavu, yaani uzito wako maji yote ya ziada yakiwa yametoka. Kilo inayoongezeka kati ya zamu na zamu si unene, ni maji: kilo moja ni lita moja. Sasa hesabu hii ina maana kubwa. Wataalamu wengi hawapendi kukamua zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa sababu ukizidisha hapo moyo unaumia. Mtu wa kilo 60 kwa saa nne: 13 mara 60 mara 4, ni mililita 3,120. Basi akija na lita tano, ama ataongezewa muda, ama atakamuliwa kwa nguvu, presha ianguke na miguu ikakamae, ama atarudi nyumbani na maji yaliyobaki. Hakuna njia ya nne.

Uzito mkavu hubadilika, na hapa ndipo daftari linapolipa. Mgonjwa aliyekosa hamu ya kula kwa mwezi mmoja amepoteza nyama. Kama kadi bado inasema kilo 60, nafasi ya nyama iliyopotea imejaa maji na mizani haionyeshi kitu. Dalili zake ni uso kuvimba asubuhi, kulala na mito mitatu, kukohoa ukilala chali, na presha kubaki juu hata baada ya zamu. Kinyume chake, aliyeanza kula vizuri akanenepa huondolewa maji yasiyokuwepo, naye huishia kukakamaa misuli, kizunguzungu na kulala siku nzima baada ya mashine. Ukiona lolote kati ya hayo, mwambie nesi kabla hajaweka namba ya kukamua, siyo baada ya saa mbili.

Hatua ya 2: Anza na chumvi, maji yatafuata

Kiu ya mgonjwa wa figo hailetwi na tamaa. Chumvi ikiingia kwenye damu mwili hudai maji ya kuizimua, na utayanywa, hata uwe na moyo wa chuma. Gramu nane hivi za chumvi hushikilia karibu lita moja ya maji mwilini. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hiyo ni chumvi yote, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate.

Chumvi ya kwenye chungu unaiona. Isiyoonekana ndiyo inayoua: vidonge na pakiti za kukolezea mchuzi, ng'onda, papa mkavu, dagaa wa chumvi, soseji, krispi, achari, chachandu, karanga za chumvi, na supu ya asubuhi ya mgahawani. Halafu kuna magadi. Wapishi wengi huyatia kwenye maharage, kunde na mlenda ili viive upesi, na hawayahesabu kuwa chumvi. Lakini magadi yana sodiamu nyingi, ileile iliyomo kwenye chumvi, na sodiamu ndiyo inayoleta kiu. Mgonjwa aliyekula kunde "zisizo na chumvi kabisa" zilizopikwa kwa magadi atashangaa kwa nini usiku halali kwa kiu.

Usikimbilie ile chumvi ya dukani iliyoandikwa kuwa ni mbadala, ya watu wa presha. Nyingi hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, na kwa asiye na figo hiyo ni sumu.

Namna ya kupunguza bila kuanzisha ugomvi nyumbani ni kupika chungu kimoja bila chumvi kabisa, wengine wajitilie mezani. Koleza kwa kitunguu swaumu, tangawizi, bizari, pilipili manga, iliki, majani ya giligilani, ndimu iliyokamuliwa mwishoni. Wiki ya kwanza chakula kitaonekana hakina ladha. Baada ya wiki kadhaa ulimi huzoea, na pilau ya shughuli itakuwa chungu kwa chumvi mdomoni mwako. Kwenye maduka, soma nyuma ya pakiti. Kama chumvi au sodiamu iko kati ya vitu vitatu vya kwanza, rudisha.

Hatua ya 3: Gawa maji ya siku asubuhi

Kanuni ya kawaida: kiasi cha mkojo ulichotoa jana, ukiongeza mililita 500 (wengine huruhusiwa hadi 750). Asiyekojoa kabisa anabaki na hizo 500 mpaka 750. Mkojo hupimwa kwa saa 24 ukiwa na kopo lenye alama, na urudie kila baada ya muda, kwa sababu hupungua kadiri miezi inavyokwenda.

Kila kinachomiminika ni maji: chai, uji, supu, mchuzi mwepesi, maziwa, barafu, na yale ya kumezea vidonge. Tikiti nalo liko karibu sana na maji. Njia iliyotufaa nyumbani ni hii. Asubuhi jaza chupa maji ya kiasi chako cha siku. Kila unapokunywa kitu kingine, chai kwa mfano, mimina kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa na ukimwagie maua. Kilichobaki kwenye chupa ndicho kilichobaki katika siku. Hakuna haja ya kukumbuka chochote.

Kwa kiu yenyewe: tumia kikombe kidogo cha kahawa badala ya bilauri, nyonya kipande cha ndimu, tafuna ubani usio na sukari, weka kipande kimoja cha barafu mdomoni, kikae, maana huchukua muda kuliko fundo la maji. Sukutua mara nyingi na uteme. Anayetia udhu mara tano kwa siku tayari ana ratiba hiyo. Kama una kisukari, jua kwamba sukari ikipanda kiu hupanda nayo, kwa hiyo kuitibu sukari ni kutibu kiu. Na joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari halikupi ruhusa ya kunywa lita mbili, japokuwa anayetoka jasho sana anaweza kuona kwenye mizani kwamba ameongezeka pungufu ya alivyotarajia.

Hatua ya 4: Potasiamu, adui asiyebisha hodi

Maji yakizidi utavimba na kuhema, yanakuonya. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama bila onyo la maana. Wengine huhisi miguu kulegea kama haina mifupa, midomo kufa ganzi, mapigo ya moyo kuruka. Wengine hawahisi kitu. Ndiyo maana jiko la pwani, ambalo limejengwa juu ya nazi, ndizi na muhogo, linahitaji kupangwa upya.

Wagonjwa wengi huwekewa kikomo cha gramu mbili mpaka tatu za potasiamu kwa siku. Bilauri moja ya madafu ina takriban gramu 0.6. Dafu kubwa moja, lile linalouzwa kando ya barabara kama dawa ya kila kitu, laweza kumaliza karibu nusu ya kiwango cha siku nzima na robo tatu ya maji yako. Madafu hayamfai mgonjwa wa mashine, hata akiletewa na mama mzazi.

Vilivyo vizito ni ndizi mbivu na za kupika, viazi vya aina zote, muhogo, magimbi, maharage na kunde, mchicha, kisamvu, parachichi, machungwa na juisi yake, embe, tende, nyanya ya kopo, karanga, korosho na tui zito. Vilivyo vyepesi ni wali, ugali wa sembe (dona lina potasiamu na fosforasi zaidi, hapa weupe ndio unaofaa), tambi, chapati, kabichi, biringanya, tango, pilipili hoho, kitunguu, nanasi, tufaha, peasi, zabibu mbichi. Vyepesi maana yake kipande kimoja kwa mlo. Nanasi zima si jepesi.

Si lazima viazi na mboga za majani viondoke mezani milele. Potasiamu huyeyuka kwenye maji, basi itoe hivi:

1. Menya, kata vipande vidogo vidogo. Kipande kikubwa hakitoi kitu.
2. Chemsha kwenye sufuria kubwa, maji yawe mengi kupita chakula mara kadhaa. Yakichemka vizuri, yamwage yote.
3. Weka maji mapya, chemsha mpaka viive. Mwaga tena.
4. Ndipo ukaange kwa kitunguu, au utie kwenye mchuzi.

Kuchemsha mara mbili namna hii hutoa potasiamu nyingi kuliko kuloweka usiku kucha kwenye maji baridi, ingawa maharage uyaloweke pia. Mchicha na matembele nayo katakata kwanza, chemsha, mwaga maji. Najua bibi zetu walisema nguvu ya mboga iko kwenye maji yake. Walisema kweli, na kwa mgonjwa huyu ndiyo sababu ya kuyamwaga. Chipsi za mtaani hukaangwa kutoka viazi vibichi, potasiamu yote imo. Hali kadhalika muhogo wa kuchoma na viazi ndani ya urojo.

Onyo la pekee ni la mbirimbi, na ndugu yake, lile tunda lenye kingo tano ambalo ukilikata linatoka umbo la nyota. Tunda la nyota lina sumu ambayo figo nzima huitoa. Kwa mgonjwa wa figo huleta kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, degedege, hata kifo. Mbirimbi nazo zina oksalati nyingi, na huko Kerala, India, madaktari wameandika habari za watu walioharibikiwa figo baada ya kunywa juisi yake. Usile, hata kwenye achari.

Mwezi wa Ramadhani, na sahani ya futari

Tazama futari yetu: tende, viazi vitamu vya nazi, muhogo wa nazi, magimbi, ndizi, juisi ya embe. Ukitaka kupanga sahani ya kumdhuru mgonjwa wa figo, usingeipanga vizuri kuliko hiyo. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na aliye kwenye mashine aizungumze na daktari na mwanachuoni wake kabla ya mwezi kuandama, siyo katikati yake. Afunge asifunge, jioni atakaa mkekani na wenzake. Mwandalie sahani yake mapema: tende moja, tambi au chapati, vitumbua viwili, samaki au kuku asiye na chumvi, kipande cha nanasi, chai nusu kikombe. Uji utolewe kwenye chupa yake ya maji ya siku.

Hatua ya 5: Nyama irudi

Kabla ya kuanza mashine, daktari huenda alikupunguzia protini ili figo zisichoke. Ukishaanza, amri hiyo inageuka, na watu wengi hawaambiwi. Kila zamu huondoka na protini kidogo, kwa hiyo unahitaji gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mayai, hasa ute wake, samaki mbichi, kuku, nyama isiyo na mafuta. Mgonjwa anayeishi kwa wali mkavu na kabichi anakonda huku akidhani anafuata masharti.

Fosforasi huja na protini, basi epuka ile isiyo ya lazima: soda nyeusi, nyama za kopo, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa, maziwa mengi. Vidonge vya kuizuia, kama kalsiamu kaboneti au sevelama, vimezwe pamoja na chakula, katikati ya mlo. Ukimeza saa mbili baadaye ni kazi bure. Mwasho wa ngozi usiotulia usiku mara nyingi huanzia hapa.

Hatua ya 6: Linda njia ya damu

Fistula ni mshipa wa ateri uliounganishwa na wa vena mkononi, mbinu iliyotangazwa New York mwaka 1966 na ambayo hadi leo haijapata ya kuishinda. Huchukua wiki sita mpaka miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo anayejua figo zinaelekea mwisho asingoje siku ya dharura. Kila asubuhi weka vidole juu yake. Lazima usikie mtetemo. Ukinyamaza, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana fistula iliyozibwa na damu iliyoganda huweza kuokolewa ikiwahiwa. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, hauvai saa ya kubana, haubebi ndoo, haulaliwi. Nesi mgeni wa wodi nyingine hajui; ni wewe wa kumwambia, na usione haya.

Mwenye mpira wa shingoni badala ya fistula ana mlango ulio wazi kwenye damu yake. Usilowe: oga kwa kopo kuanzia kifuani kwenda chini, shingo ipanguswe kwa kitambaa. Asiuguse mtu yeyote asiye wa chumba cha mashine, hata kwa kutundika dripu. Homa au kutetemeka kwa baridi, hasa ukiwa kwenye mashine, ni maambukizi ya damu mpaka ithibitishwe vingine; usimeze panadoli ukalala.

Fistula ikivuja damu nyumbani, bonyeza kwa nguvu kwa kidole juu ya tundu, inua mkono juu ya moyo, na uende hospitali ukiwa umebonyeza. Kulifunika kwa kanga nene kunaficha tu damu inavyoendelea kutoka.

Hatua ya 7: Siku ya mashine

Uliza kama vidonge vya presha vinywewe asubuhi hiyo au baada ya zamu. Kwa wengi presha huanguka wakivimeza kabla. Kula chakula chepesi nyumbani. Kula sana ukiwa kwenye mashine huvuta damu tumboni, na presha hushuka. Beba shuka, utasikia baridi.

Sema mapema. Kupiga miayo, jasho jembamba, kichefuchefu na macho kuona giza huja kabla ya kuzimia, na nesi akijua hapo anapunguza kukamua na tatizo linaisha. Wapo wanaonyamaza ili wasisumbue. Wapo pia wanaoomba watolewe nusu saa kabla ili wawahi basi. Nusu saa kila zamu, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi ni saa sita hivi za kusafishwa zilizopotea. Umeme ukikatika usijinasue. Mashine ina mpini wa kuzungusha kwa mkono ili damu yako irudishwe.

Sindano zikitolewa, bonyeza dakika 10 hadi 15, kisha kaa. Simama polepole. Usiendeshe pikipiki mwenyewe kurudi. Damu bado ina heparini, dawa ya kuizuia isigande, kwa saa kadhaa, kwa hiyo kung'oa jino kungoje siku nyingine.

Kila mwezi omba namba zako uziandike: kiwango cha damu, potasiamu, fosforasi, albumini (protini ya kwenye damu), na asilimia ya urea iliyoondolewa, ambayo kwa wa zamu tatu isiwe chini ya 65. Hakikisha umechanjwa homa ya ini B. Kwa wagonjwa wa mashine dozi huongezwa maradufu, na hurudiwa zaidi ya mara ambazo mtu mwingine huchanjwa.

Hatua ya 8: Dawa na mitishamba

Brufeni na diklofenaki zikae mbali. Hata mkojo kidogo uliobaki ni mali, unakununulia maji ya kunywa. Panadoli kwa kipimo inafaa. Mwenye kisukari ahesabu upya insulini, kwa sababu figo ndizo zilizokuwa zikiivunja. Sasa inakaa mwilini muda mrefu, na sukari huanguka. Ikianguka, tumia glukosi au sukari ya kawaida kwenye maji machache, usitumie juisi ya machungwa. Mitishamba sina la kuongeza zaidi ya hili: hakuna anayejua ina potasiamu kiasi gani, na muuzaji hatakuwepo moyo ukiyumba.

Hatua ya 9: Zamu ikikosekana

Mafuriko, mashine mbovu, kadi ya bima imezuiwa. Piga simu kituoni hapohapo uombe nafasi kesho yake au kituo kingine. Wakati unangoja, kata maji hadi nusu, acha kabisa matunda, viazi, maharage, nyama nyekundu na chumvi. Kaa kwenye wali mweupe, mkate kidogo, yai moja, kabichi iliyochemshwa. Ukihema ukilala, moyo ukiruka au miguu ikilegea, hiyo si ya kungoja zamu, ni chumba cha dharura, na neno la kwanza mlangoni liwe "nasafishwa damu, nimekosa zamu."

Kumbuka pia kwamba pengo refu la wiki, lile la mwisho wa juma, ndilo lenye vifo na kulazwa kwingi. Harusi nazo huwa Jumamosi. Panga.

Hatua ya 10: Watu

Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Watu watakuja na machungwa, ndizi, juisi za boksi, madafu. Usiwarudishie. Pokea, shukuru, wape watoto, na useme: "Shangazi, Mungu akulipe, ila daktari amenizuia haya, ukija tena niletee mayai au nanasi." Au nauli, nasema mimi, kwa sababu nauli ndiyo inayokwamisha zamu nyingi kuliko mashine mbovu.

Msiba wa mkoani au safari ya ng'ambo inawezekana. Omba barua yenye uzito mkavu, aina ya chujio, dozi ya heparini, dawa zako na majibu mapya ya homa ya ini B na C na VVU, kisha kituo cha huko kikubali kabla hujakata tiketi. Kwa kazi, zamu ya alfajiri au ya jioni huacha siku nzima. Zungumza na mwajiri ukiwa na ratiba iliyoandikwa mkononi.

Uchovu, huzuni, kukosa usingizi kwa miguu isiyotulia, na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa ni vya kawaida na vina tiba zake. Vinanyamaziwa kwa sababu zamu imejaa watu na kitanda cha jirani kiko karibu. Mwombe daktari dakika tano pembeni.

Hatua ya 11: Fedha, na figo nyingine

Soma bima yako inalipia zamu ngapi kwa wiki, na kama sindano za damu na vipimo vimo. Nchini Kenya, NHIF, bima ya afya ya taifa, ililipa shilingi 9,500 kwa zamu, mbili kwa wiki, mpaka SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024 na kiwango kikapandishwa hadi 10,650. Kituo kikidai nyongeza, ombeni risiti inayoonyesha ni ya nini.

Upandikizaji si lazima uwe India tena. Muhimbili ilifanya wa kwanza Novemba 2017 pamoja na madaktari kutoka New Delhi, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018 kwa msaada wa Wajapani. Kenya una Kenyatta na hospitali ya Moi, Eldoret. Mtoaji kwa kawaida ni ndugu aliye hai. Anayetumaini kupandikizwa aepuke kuongezewa damu ovyo, kwa sababu kila chupa ya damu ya mtu mwingine yaweza kuufundisha mwili kuikataa figo ijayo. Damu ikiwa ndogo, uliza kwanza kuhusu erithropoietini na chuma. Na ndugu waliojitolea wapimwe kwanza presha, sukari na kundi la damu, ambavyo ni vya bei ndogo, kabla ya vipimo ghali vya kulinganisha tishu. Wengi huondoka kwenye orodha hapo, na ni afadhali ijulikane mwezi wa kwanza kuliko wa nane.